Ubao Mtupu wa Anga: Nusu Karne ya Michezo ya Himaya za Nyota

Michezo ya vita ya mezani ilizaliwa mikononi mwa wanajeshi, na kwa zaidi ya karne moja iliishi chini ya amri ya ramani. Mwaka 1824 ofisa wa jeshi la Prussia, von Reisswitz, aliwaonyesha wakuu wake mchezo wa kufundishia mapigano, wenye ramani za kijeshi, dadu, na vipande vidogo vilivyosimama badala ya vikosi. Mwaka 1958 kampuni ya Avalon Hill ya Baltimore, iliyoasisiwa na Charles S. Roberts, ikauza Gettysburg, mchezo kuhusu pigano maarufu la mwaka 1863 katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Mchezaji aliweza kubadili mshindi, lakini vilima, barabara na hesabu ya askari vilishapangwa na historia. Aliyesoma sana aliketi mezani akiwa amemtangulia mwenzake.

Miaka hiyohiyo ulijitokeza mchezo wa tabia tofauti. Diplomacy, ambao Mmarekani Allan Calhamer aliuchapisha mwenyewe mwaka 1959, haukutumia dadu hata moja. Watu saba waliosimama badala ya madola ya Ulaya ya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza walinong'onezana pembeni, wakaandika amri zao kwa siri, kisha amri zote zikasomwa kwa pamoja. Hapo ndipo mtu alipomjua aliyemgeuka. Hata hivyo Ulaya ilibaki kuwa Ulaya ileile: Uturuki kwenye kona yake, Uingereza kisiwani, Austria katikati ya maadui.

Binadamu alipokanyaga mwezi mwaka 1969, mawazo ya wabunifu yaligeukia juu, na huko wakakuta ubao usio na historia. Katika galaksi hakuna mlima ambao lazima uwepo, wala mfalme ambaye lazima afe mwaka fulani. Ubao huo mtupu ulihitaji kujazwa, na kilichoujaza baada ya majaribio mengi ni mambo ya kale kabisa ya duniani: biashara, mikataba, kura na usaliti. Huo ndio mvuto wa michezo hii. Nyota ni uwanja tu. Shughuli yenyewe iko kati ya watu waliozunguka meza.

Majaribio ya kwanza yalishika sayansi zaidi. StarForce: Alpha Centauri, uliobuniwa na Redmond Simonsen kwa kampuni ya SPI mwaka 1974, uliweka nyota zilizo jirani na Jua letu mahali pake halisi. Kwa kuwa ubao ni bapa na anga si bapa, mchezaji alilazimika kukokotoa pia urefu wa kwenda juu na chini kabla ya kuhamisha chombo. Karibu wakati huohuo Howard Thompson wa Metagaming, kampuni ya Texas, alitoa Stellar Conquest. Humo mchezaji alianza na vyombo vichache, akafika kwenye nyota asiyoijua, akafunua kadi ili aone kama amepata sayari yenye rutuba au jiwe kavu. Watu waliongezeka, viwanda vikajengwa, utafiti ukalipiwa, na vita vikaja baadaye.

Mpangilio huo ulihamia kwenye kompyuta. Reach for the Stars, uliotoka Australia mwaka 1983, ulifuata nyayo zake, na mwaka 1993 ukaja Master of Orion. Mwandishi Alan Emrich, alipouchambua katika jarida la Computer Gaming World, aliutambulisha kwa matendo manne: kupeleleza, kutanuka, kuvuna rasilimali na kuangamiza. Tangu hapo aina nzima ya michezo imejulikana kwa matendo hayo.

Tuyatazame matendo manne hayo kwa macho ya msomaji wa Afrika Mashariki, ambaye nchi yake iligawanywa kwa makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886 na 1890. Atatambua mara moja kwamba ni orodha ya kazi za mkoloni. Tofauti ni kwamba angani sayari nyingi hazina mwenyewe, hivyo mchezaji hutwaa bila kumpokonya mtu. Ubao mtupu ulimpa mbunifu uhuru, lakini ulimruhusu pia kuendeleza ndoto ya ardhi isiyo na watu, ndoto ambayo watu wetu waliilipia. Ndiyo maana michezo bora ya aina hii ni ile iliyomlazimisha mchezaji kushughulika na jirani mwenye nguvu na maslahi yake.

Wa kwanza kufanya hivyo kwa ujasiri ulikuwa Cosmic Encounter wa mwaka 1977, kazi ya Peter Olotka, Jack Kittredge, Bill Eberle na Bill Norton. Kanuni zake za msingi ni fupi: anayetangulia kuweka makoloni matano kwenye sayari za wengine ameshinda. Lakini kila mchezaji hupewa uwezo wa kuvunja kanuni moja, na hakuna wawili wanaovunja ileile. Wa kushambuliwa huamuliwa na karata, na pande zote mbili huomba washirika. Mshambuliaji na mshambuliwa wakitoa wote karata za mapatano, wana dakika moja ya kuafikiana. Wakishindwa, wote hupata hasara. Richard Garfield, aliyebuni mchezo wa karata wa Magic: The Gathering uliotoka mwaka 1993, amesema wazi kwamba alijifunza mengi hapo.

Watatu kati ya wabunifu hao walitoa Dune mwaka 1979, wakifuata riwaya ya Frank Herbert ya mwaka 1965. Hapa tofauti za pande zilienda mbali zaidi. Ukoo wa Atreides huona mambo kabla hayajatokea. Udugu wa wanawake wa Bene Gesserit huandika kwa siri mwanzoni nani atashinda na katika mzunguko upi. Utabiri ukitimia, ushindi ni wao, na aliyedhani ameshinda hubaki mikono mitupu.

Mchezaji wa bao la Kiswahili huona kete zote 64 mbele yake, na ubingwa wake ni kuhesabu. Katika Dune, aliye hodari wa kuhesabu anaweza kuzidiwa na aliye hodari wa kusoma nyuso.

Mito hii yote ilikutana katika Twilight Imperium, uliobuniwa na Christian T. Petersen na kutolewa na kampuni yake ya Fantasy Flight Games, Minnesota, mwaka 1997. Toleo la nne la mwaka 2017 lina mataifa 17, na mchezo wa watu sita unaweza kumaliza siku nzima. Wachezaji huupanga ubao wenyewe kwa vigae vya pembe sita kuizunguka Mecatol Rex, sayari iliyokuwa makao ya himaya iliyoanguka. Mshindi ni anayefikisha pointi 10, na malengo mengi yanayozileta hayamtaki mtu kuua wala kuteka.

Kanuni zake mbili zinaonyesha umahiri wa kazi hiyo. Ya kwanza ni ya biashara: bidhaa za taifa lako hazikununulii kitu zikiwa mkononi mwako, hugeuka mali pale tu zinapomfikia mwingine. Mchoyo hubaki maskini. Ya pili ni ya ahadi: makubaliano yanayoweza kutekelezwa papo hapo ni lazima yatimizwe, lakini ahadi ya kesho haimfungi mtu. Kwa hiyo kila mkataba wa amani una bei yake, na sifa ya mtu kuwa mkweli huwa akiba yenye thamani kuliko manowari. Na mtu akishaingia Mecatol Rex, baraza huanza kukutana kila mzunguko, na sheria zinazopigiwa kura zinaweza kubadili mchezo ukiwa unaendelea.

Wabunifu wa Ulaya waliongeza somo la gharama. Katika Eclipse wa mwaka 2011, kazi ya Mfini Touko Tahkokallio, kila eneo jipya huongeza matumizi ya himaya, na anayetanuka ovyo hufilisika. Gaia Project wa Ujerumani, wa mwaka 2017, haukutumia dadu kabisa: kujenga karibu na jirani hupunguza bei ya majengo fulani, na jirani naye hupata faida.

Ukitaka kujua kipi kimedumu, tazama matoleo mapya. Cosmic Encounter ulirudi madukani mwaka 2008, Dune mwaka 2019, na Twilight Imperium umepita matoleo manne. StarForce, uliozipanga nyota kwa usahihi kuliko yote, leo hutafutwa na wakusanyaji tu.