Bushi 12 za Land Rover: Mpira Ulivyofika Chini ya Gari

Ukilala chini ya Land Rover ya zamani, zile Series III za miaka ya 1970 ambazo bado unazikuta uani kwa watu zimeota nyasi pembeni, kitu cha kwanza kitakachokudondokea usoni ni udongo mkavu. Cha pili, ukipitisha kidole pale springi inapoungana na chesisi, ni unga mweusi. Huo unga zamani ulikuwa bushi.

Bushi yenyewe haina makuu. Ni vipande viwili vya bomba la chuma, kimoja ndani ya kingine, na katikati yake mpira uliobanwa kwa nguvu. Kila springi ya Land Rover hii, yaani yale mabamba ya chuma yaliyolaliana, ina bushi 3: mbili kwenye macho ya springi na moja ndani ya chesisi. Springi ziko 4, kwa hiyo bushi 12. Bado hujahesabu za shokapu, wala ile mipira mikubwa inayobeba injini na giaboksi ambayo mafundi huita mauntini. Zikichoka, gari linagonga kwenye kila shimo, usukani unaenda unakotaka wenyewe, na ukishika breki ghafla unavutwa upande mmoja. Kwenye barabara kuu yenye malori, hilo si jambo la kulichekea.

Nilizibadilisha zote 12 nyumbani, chini ya mwembe, kwa muda mrefu kuliko nilivyomwahidi mwenye gari, ambaye ni mjomba wangu. Nikiwa chini kule nilijiuliza swali ambalo nakuuliza na wewe: nani alifikiria kwamba tani mbili za chuma zikalie vipande vya mpira? Na mpira wenyewe ulitoka wapi?

Tuanze na magari yalivyokuwa kabla. Magari ya mwanzo yalikuwa na bushi za shaba nyeusi, na bolti ya chuma ilizunguka humo ndani ikisugua. Chuma kwa chuma lazima kipate grisi, tena mara kwa mara. Mwenye gari wa mwaka 1920 alikuwa na orodha ndefu ya sehemu za kupaka grisi, nyingine kila baada ya kilomita mia chache. Akisahau, vumbi likachanganyika na grisi, likawa msasa. Ukitaka kujua msasa huo unafanya nini kwenye shaba, muulize mtu yeyote aliyewahi kutumia mashine ya kusaga nafaka bila kuisafisha.

Miaka ya 1920, huko Ufaransa, ikaja bushi iliyouzwa kwa jina la Silentbloc. Nchi nyingi zinazozungumza Kifaransa, fundi atakuelewa ukiitaja kwa jina hilo mpaka leo. Wazo lake ni zuri sana ukilitazama kwa utulivu. Mpira unabanwa kati ya bomba mbili kwa nguvu kiasi kwamba hauwezi kuteleza. Springi inapopanda na kushuka, hakuna kinachosugua kitu kingine. Mpira unajisokota tu ndani yake, halafu unarudi. Hakuna msuguano, kwa hiyo hakuna grisi. Shika hiyo habari ya kujisokota, kwa sababu ndiyo iliyoniponza mimi baadaye.

Upande wa injini, hatua kubwa ilikuja Marekani mwaka 1931. Injini ya silinda 4 ina tabia ya kutetemeka, na ikifungwa kwa bolti moja kwa moja kwenye chesisi, gari zima linatetemeka nayo. Wahandisi wa Chrysler hawakujaribu kuizuia. Waliangalia ule mhimili ambao injini yenyewe inapenda kuyumba kuuzunguka, wakaiweka kwenye mipira miwili: mmoja juu mbele, karibu na pampu ya maji, mwingine chini nyuma, penye giaboksi. Mstari unaounganisha mipira hiyo ulipita kwenye kitovu cha uzito wa injini. Ikayumba itakavyo, na abiria hakusikia. Waliuita mpango huo Floating Power na kuuweka kwenye Plymouth. Mwaka 1932 Citroën ikanunua haki ya kuutumia, ikautangaza kwa picha ya bata maji. Kwangu mimi hii ni moja ya kazi nzuri zaidi za fizikia kuwahi kufanywa chini ya boneti, na ni wachache wanaoifahamu.

Yote haya yaliwezekana kwa sababu ya salfa. Mpira mbichi ukiupa joto unanata kama gundi, ukiupa baridi unakauka na kukatika. Mwaka 1839 Charles Goodyear aligundua kwamba ukiupika pamoja na salfa unatulia. Molekuli za mpira ni nyuzi ndefu mno, na salfa inazifunga moja kwa nyingine kama mafundo ya wavu. Ukiuvuta wavu huo, unakubali. Ukiuachia, mafundo yanaurudisha. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop alipotengeneza tairi la upepo kule Belfast, dunia ikaanza kuutaka mpira kwa njaa ambayo haikuwahi kuonekana.

Na hapa ndipo historia inapogonga hodi kwetu. Neno letu "mpira" si jina la kitu cha kuchezea peke yake, ni jina la mmea pia. Misitu ya ukanda wetu ina mimea inayotambaa juu ya miti na kutoa utomvu mweupe. Mmoja wao wanasayansi wanauita Landolphia kirkii, kwa jina la John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar. Watu wa bara ya Kilwa na Lindi walikuwa wakiugema, wakizungushia utomvu unaoganda hadi ukawa bonge la duara, na mabonge hayo yakashuka pwani kuuzwa.

Kwetu ilikuwa biashara. Kongo, chini ya mfalme Leopold II wa Ubelgiji, kati ya 1885 na 1908, ilikuwa jambo lingine kabisa. Vijiji vilipangiwa kiasi cha mpira wa kuleta. Kijiji kikipungukiwa, wake walishikwa mateka, watu wakapigwa viboko vya ngozi ya kiboko, wakauawa. Askari walitakiwa kuonyesha kwamba risasi haikupotea bure, na ushahidi ulikuwa mkono uliokatwa. Mwaka 1904 mmisionari Alice Seeley Harris alimpiga picha mwanamume anayeitwa Nsala, ameketi barazani anatazama mkono na mguu wa binti yake mdogo. Picha hiyo ilizungushwa kwenye mikutano ya hadhara Ulaya na Marekani, na ilichangia kumnyang'anya Leopold ile nchi. Sijui wewe utaitazama vipi. Mimi nilipoiona sikuweza kuendelea na kazi siku hiyo.

Kilichoua mpira wa msituni ni mbegu, huruma haikuhusika sana. Mwaka 1876 Henry Wickham alitoa Brazili mbegu zipatazo 70,000 za mti wa Hevea na kuzipeleka bustani ya Kew, London. Miche ikapelekwa Ceylon na Malaya, na mashamba ya huko yalipokomaa bei ikaporomoka. Wajerumani waliokuwa wamepanda mpira wa aina nyingine, unaofanana na muhogo, kwenye mashamba ya Tanga walijikuta mwaka 1913 hawana soko.

Mashamba hayo yalilala karibu miaka thelathini. Kisha mwaka 1942 Wajapani wakaiteka Malaya na visiwa vya Indonesia, na mpira mwingi wa dunia ukaenda nao. Vifaru, ndege, malori, vyote vinakalia mpira. Waingereza wakayafufua mashamba ya zamani ya Tanganyika, na miongoni mwa waliopelekwa kugema walikuwemo vijana walioandikishwa kwa lazima. Kwenye hadithi za vita tunasikia habari za waliokwenda Burma. Waliokwenda kugema hawasimuliwi sana.

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948, ikiwa na bodi ya alumini kwa kuwa chuma kilikuwa adimu baada ya vita hivyo hivyo.

Turudi chini ya mwembe. Bushi za kwenye macho ya springi zilitoka kwa jiliwa kubwa na kipande cha bomba, hazikunisumbua sana. Za kwenye chesisi ndizo kazi. Kutu imeshalifanya bomba la nje kuwa sehemu ya chesisi. Wengi huuchoma mpira kwa moto. Mimi niliogopa moshi wake, na tangi la mafuta liko karibu, kwa hiyo niliutoboa kwa drili hadi ukachomoka, kisha nikaingiza msumeno wa chuma na kulikata bomba lililobaki kwa ndani, polepole, nisije nikaikata chesisi. Lilipopasuka, patasi na nyundo zikamaliza. Bushi moja ilinichukua mchana mzima. Gari, bila shaka, lilikuwa juu ya stendi imara. Usilale chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Kosa langu lilikuja mwishoni. Nilikaza bolti zote gari likiwa bado juu ya stendi, springi zikining'inia. Unakumbuka mpira unajisokota? Bolti ikikazwa, bomba la ndani linashikwa palepale lilipo. Nilipoteremsha gari, springi zikanyooka kwa uzito, na mipira yote 12 ikawa imesokotwa kabla gari halijasogea hata hatua moja. Mpira ulio katika hali ya kuvutwa ndio hasa unaoshambuliwa na ozoni ya hewani: inakata zile nyuzi ndefu, nyufa zinafunguka, na kila shimo la barabarani linaongeza. Miezi 7 baadaye mjomba akanipigia simu, gari linagonga tena. Bushi 4 zilikuwa zimechanika.

Mara ya pili nilipachika bolti zote, nikazikaza kwa vidole tu, nikashusha gari hadi likakaa kwa magurudumu yake. Nikalisukuma mbele na nyuma, nikamwomba mjomba apande na kurukaruka kidogo, jambo alilolifanya kwa furaha isiyolingana na umri wake. Ndipo nikaingia chini na spana, nikakaza.