Bob Cousy na Hukumu ya Mwaka 1950

Mwezi wa Aprili 1950 mji wa Boston ulikuwa na timu dhaifu na ulikuwa na kijana hodari jirani yake. Timu ni Celtics, iliyokuwa imeshinda mechi 22 na kushindwa 46 katika msimu uliomalizika. Kijana ni Bob Cousy, mlinzi wa chuo cha Holy Cross, kilichoko Worcester, mwendo mfupi kutoka Boston. Waandishi wa magazeti waliona kuwa shauri limekwisha, maana Celtics ndiyo iliyokuwa na haki ya kuchagua mchezaji wa kwanza kutoka vyuoni mwaka ule. Lakini Celtics ilimwacha Cousy ikamchagua Chuck Share, mchezaji wa kati mwenye kimo cha sentimita 211. Cousy akachukuliwa wa tatu na Tri-Cities Blackhawks, timu ya miji midogo ya kando ya mto Mississippi.

Aliyekataa ni Red Auerbach, mwalimu mpya wa Celtics. Alisema wazi kwamba hakuajiriwa ili kuwafurahisha wenyeji bali kushinda. Maneno hayo yaliudhi wengi, walakini hayakuwa maneno ya mjinga. Mchezo wa kulipwa wa siku zile ulikuwa chini ya himaya ya warefu, na mrefu wao mkuu alikuwa George Mikan wa Minneapolis. Tarehe 22 Novemba mwaka ule ule, timu ya Fort Wayne iliushika mpira bila ya kuutupa, ili Mikan asiupate, na mechi nzima ikaisha kwa 19 kwa 18. Katika mchezo wa namna hiyo, mtu wa sentimita 185, hata awe mwepesi kama umeme, angefanya nini?

Tena jina lenyewe la mlinzi hupoteza watu. Mlinzi wa mpira wa kikapu halindi lango kama yule wa kandanda; ndiye aghalabu anayeudunda mpira kutoka nyuma, akauona uwanja wote, na kuamua ni nani apewe. Kazi ya Cousy hasa ilikuwa hiyo, naye aliifanya kwa namna ambayo walimu wengi waliiona ni mzaha. Alizaliwa New York mwaka 1928 kwa wazazi Wafaransa, akakulia katika ufukara. Utotoni alianguka kutoka juu ya mti akavunjika mkono wa kulia; akalazimika kutumia wa kushoto, na ajali hiyo ikampa mikono miwili iliyo sawa. Chuoni alitwaa ubingwa wa taifa mwaka 1947, naye ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, lakini mwalimu wake alimweka benchi mara nyingi. Katika mechi moja na Loyola ya Chicago watazamaji walipaza sauti kumtaka jina kwa jina. Alipoingia, aliudunda mpira nyuma ya mgongo wake, akafunga kwa mkono wa kushoto, na Holy Cross ikashinda. Kwa watazamaji huo ulikuwa ufundi. Kwa mwajiri uliweza kuonekana kuwa kiini macho.

Cousy mwenyewe hakuona kuwa mchezo wa kulipwa ni riziki ya kutegemewa. Alitaka dola 10,000 kwa mwaka. Mwenye timu ya Tri-Cities akampa ahadi ya 6,000. Kijana akakataa, maana alikuwa ameanza shughuli ya kufundisha watu kuendesha magari huko Worcester. Haki yake ikahamishiwa Chicago Stags, na Stags nayo ikafa kabla ya kucheza msimu. Ligi iliyokuwa na timu 17 ikabaki na 11. Wachezaji watatu wa Chicago waligawanywa kwa majina yaliyotiwa ndani ya kofia: New York ikampata Max Zaslofsky, Philadelphia ikampata Andy Phillip, na Boston, ambayo nayo ilimtamani Zaslofsky, ikampata Cousy.

Msimu wa kwanza Celtics ilishinda mechi 39 na kushindwa 30. Tangu msimu wa 1952–53 Cousy aliongoza ligi kwa pasi za kufungisha misimu minane mfululizo. Na mwaka 1954 ligi iliweka sheria ya kutupa mpira kikapuni ndani ya sekunde 24. Mchezo wa kukalia mpira ukafa, na mbio zikawa ndiyo mali. Msimu ule Celtics ikawa timu ya kwanza kupata wastani wa pointi 100 kwa mechi. Uwanja ulikuwa umebadilika ukamfuata yeye.

Hata hivyo shaka ya Auerbach haikuwa tupu. Pasi za Cousy ziliwapiga wenzake usoni wasipokuwa tayari. Katika maisha yake ya ligi alifunga asilimia 37.5 tu ya mitupo yake ya uwanjani. Na kwa misimu sita ya kwanza hakupata ubingwa hata mmoja. Ulikuja mwaka 1957, baada ya kuwasili Bill Russell, mchezaji wa kati aliyejua kuunyakua mpira na kuutoa upesi. Mwaka huo Cousy alichaguliwa mchezaji bora wa ligi, na hadi alipoiaga Celtics mwaka 1963 alikuwa na mataji sita. Auerbach alikosea juu ya mtu, lakini juu ya haja ya mrefu alisema kweli.

Ama Share, hakuichezea Celtics hata mechi moja. Mwaka 1951 haki yake ilibadilishwa na Fort Wayne, na katika mabadilishano hayo Boston ikampata Bill Sharman, mlinzi wa sentimita 185, aliyesimama pembeni mwa Cousy kwa misimu kumi.