Nani Alisimama Kwanza? Ubao, Kafi na Historia Inayouzwa Pamoja Navyo

Ukiingia leo katika duka linalouza mbao za kusimama na kupiga kafi majini, mara nyingi utakutana na historia fupi sana. Eti mchezo huu ulizaliwa Hawaii karibu na mwaka 2000, pale Laird Hamilton, bingwa wa mawimbi makubwa, alipochukua kafi refu akasimama juu ya ubao wake, na dunia ikamfuata. Baada ya hapo muuzaji anakuonyesha ubao wa kununua.

Nina ugomvi na historia hiyo. Si kwamba ni uongo mtupu. Hamilton alifanya hivyo kweli, na picha zake zilieneza mchezo kuliko tangazo lolote. Ugomvi wangu ni kwamba hadithi inaanza mahali ambapo pesa zilianza kuingia, na kila kilichotangulia kinaachwa kama moshi wa nyuma ya jukwaa. Kwa sisi tunaosoma na kuandika kwenye pwani hii, mtindo huo tunaujua. Tumeusoma katika vitabu vya wasafiri walioandika kana kwamba bahari yetu ilianza siku walipoiona.

Basi hebu turudi nyuma kidogo.

Wahawaii wa zamani walikuwa na aina kadhaa za mbao, na aina hizo zilikuwa na maana ya kijamii. Alaia ulikuwa ubao mwembamba, mara nyingi wa mti wa koa, na watu wa kawaida waliutumia. Olo ulikuwa mrefu na mnene, wa mti mwepesi wa wiliwili, na ulihusishwa na machifu. Maelezo yaliyochapishwa mwaka 1896 yanasimulia kwamba fundi alipochagua mti wa kukata aliweka samaki mwekundu shinani kama sadaka kabla ya kuuchonga. Yaani kuchagua ubao kulianzia msituni, si dukani, na aliyechagua alijua nani atasimama juu yake.

Katika jumba la makumbusho la Bishop, Honolulu, zimehifadhiwa mbao za chifu Abner Pākī. Zina urefu wa karibu futi 15 na 16, na kila mmoja una uzito wa zaidi ya kilo 60. Pākī alikuwa baba wa Bernice Pauahi Bishop, na jumba hilo lilianzishwa mwaka 1889 kwa kumbukumbu ya binti huyo.

Wageni walipofika, walianza kuandika. James King, luteni wa James Cook, alieleza mwaka 1779 watu wa ghuba ya Kealakekua wakiteleza juu ya mawimbi, na mshangao wake unasomeka mpaka leo. Mark Twain alijaribu mwenyewe mwaka 1866, akashindwa, akakitia kichekesho chake katika kitabu cha *Roughing It* (1872). Jack London alifika Waikiki mwaka 1907 na jahazi lake *Snark*, akaungua jua vibaya sana, kisha akaandika insha inayomfananisha mpanda mawimbi mweusi wa jua na Mercury, mungu wa Warumi. Insha hiyo iliingia katika kitabu cha 1911, na ndiyo iliyowafanya Wamarekani wengi wautamani mchezo wenyewe.

Msomaji wa fasihi asome maandishi hayo pamoja na tarehe zake. Wamisionari wa kwanza walifika Hawaii mwaka 1820. Magonjwa yaliyoletwa na meli yalikuwa yakiua watu kwa makundi. Sensa ya 1896 ilihesabu Wahawaii wapatao 39,500 tu, ukijumlisha na machotara, katika visiwa ambavyo wakati wa Cook vilikuwa na watu mara nyingi zaidi ya hao. Tarehe 17 Januari 1893 wafanyabiashara waliosaidiwa na wanamaji wa Marekani walimpindua Malkia Liliʻuokalani, na mwaka 1898 visiwa vikamezwa na Marekani. London alifika miaka tisa tu baadaye. Anayemwita Mercury alikuwa raia wa nchi iliyokuwa imetwaliwa, lakini hilo katika insha halina uzito. Ukisoma tu insha, unaona misuli na mawimbi. Siasa imezama.

Ikazuka hadithi nyingine, kwamba mchezo ulikuwa umekufa na weupe wakaufufua. Mwanahistoria Mhawaii Isaiah Helekunihi Walker, katika kitabu *Waves of Resistance* (2011), anaipinga vizuri. Anaonyesha kwamba Wahawaii hawakuacha mawimbi, na kwamba bahari ilibaki mahali ambapo bado wangeweza kusema hapana. Mwaka 1908 ilianzishwa Waikiki klabu iliyotawaliwa na weupe, Outrigger Canoe Club. Wahawaii nao wakawa na yao, Hui Nalu, iliyopata sura rasmi mwaka 1911. Mmoja wa waanzilishi wake alikuwa Duke Kahanamoku, aliyechukua dhahabu ya kuogelea mita 100 Stockholm mwaka 1912 na tena Antwerp mwaka 1920.

Sasa tunafika kwenye kafi.

Vijana wa ufuko wa Waikiki, wale walioitwa "beach boys", walikuwa wafanyakazi. Kazi yao ilikuwa kuwafundisha watalii, kuwapandisha kwenye mawimbi, kuwaimbia, na kuwapiga picha. Kuanzia miaka ya 1940 hivi baadhi yao walianza kusimama juu ya mbao zao kubwa wakiwa na kafi la mtumbwi mkononi. Ukisimama unaona wimbi linalokuja kabla ya mwanafunzi wako. Unaona pia ni nani amepotelea wapi. Na kamera iliyo shingoni haioni maji. Majina yanayotajwa ni ya Duke mwenyewe, na ndugu Leroy na Bobby Ah Choy. John Zapotocky, aliyehamia kutoka bara la Marekani, alijifunza hapo akaendelea nayo hadi uzeeni.

Kwa hiyo mtu wa kwanza kusimama katika mchezo huu wa kisasa hakusimama kwa ajili ya mazoezi ya tumbo wala utulivu wa nafsi, kama matangazo yanavyosema. Alisimama kwa sababu alikuwa kazini.

Kwa nini basi ilipotea hadi miaka ya 1990? Jibu langu liko kwenye ubao wenyewe. Mwaka 1926 Tom Blake, baada ya kuzichunguza mbao za Pākī pale makumbusho, alitengeneza ubao wenye uwazi ndani, mwepesi zaidi. Mwaka 1935 akaongeza pezi chini. Miaka ya 1950 mbao za miti zikaanza kuachia nafasi povu gumu lililofunikwa faiba. Mpaka hapo mbao zilikuwa bado ndefu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 fasheni ikageuka, mbao zikafupishwa sana ili zigeuke haraka kwenye wimbi. Ubao mfupi unakubeba ukiwa kwenye kasi. Ukisimama tuli, unazama nao. Ufundi wa kusimama na kafi ukabaki kwa wazee wachache waliokataa kuuza mbao zao kubwa.

Hamilton na mwenzake Dave Kalama walipoanza kusimama na kafi huko Maui katikati ya miaka ya 1990, walitumia mbao ndefu za kupanda watu wawili. Huko Makaha, Oahu, Brian Keaulana aliingiza mtindo huo kwenye mashindano ya mbao kubwa yanayobeba jina la baba yake, Buffalo, mwanzoni mwa miaka ya 2000, na wao waliuita kwa jina la vijana wa ufuko. Angalia tofauti: Makaha walikumbuka jina la wafanyakazi, duka likakumbuka jina la bingwa.

Baadaye ugomvi ukahamia mahakamani. Shirikisho la kimataifa la mchezo wa mawimbi, lililoandaa mashindano ya dunia ya kwanza ya kafi huko Peru mwaka 2012, na lile la mitumbwi, yote mawili yalidai mchezo ni wake. Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ya Lausanne iliamua Agosti 2020 kwamba katika ngazi ya Olimpiki msimamizi ni shirikisho la mawimbi, ila lile la mitumbwi linaweza kuendelea na mashindano yake. Wazungu wawili wakigombania shamba, mwenye shamba hayupo barazani.

Utaniuliza, haya yote yananisaidia nini mimi ninayetaka tu kuanza? Yanasaidia sana. Ukijua kwamba mchezo ulizaliwa juu ya ubao mkubwa wa mtu aliyekuwa kazini, hutadanganyika na ubao mwembamba wa mashindano kwa sababu tu unapendeza.

Anza na lita. Lita moja ya maji matamu inabeba kilo moja. Mtu wa kilo 75 na ubao wa kilo 10 wanahitaji lita 85 ili tu wasizame, na hapo maji yanakulamba nyayo. Kanuni ya kawaida kwa anayeanza ni kuzidisha uzito wako mara mbili, na mbao nyingi za wanaoanza zina lita 200 hadi 300. Kisha upana. Nguvu ya ubao ya kukataa kuyumba hukua kwa mchemraba wa upana wake. Ukitoka sentimita 71 kwenda 81, kwa urefu ule ule, umeongeza karibu nusu ya uthabiti, ingawa kwa macho ni kama upana wa kiganja. Kwa mtu mzima wa wastani, tafuta upana wa sentimita 80 hadi 85 na urefu wa futi 10 hadi 11. Mwembamba na mrefu unakwenda kasi na kunyooka, lakini huo ni wa baadaye.

Ubao mgumu unateleza vizuri, ila unahitaji gari na mahali pa kuuweka. Ule wa kujazwa upepo una kuta mbili zilizoshikanishwa na maelfu ya nyuzi, ndiyo maana ukijazwa vizuri haupindi. Usiwe mvivu wa pampu, kwani ulio nusu umejaa unabonyea katikati kama godoro. Kafi liwe refu kukuzidi sentimita 15 hadi 25, na kile kipinde cha bapa lake kielekee mbele, mbali nawe. Wengi hushika kinyume, na wanapita hotelini hivyo hivyo siku nzima.

Kamba ya mguuni ndiyo jambo la uhai na kifo. Baharini ivae, maana upepo unauchukua ubao haraka kuliko unavyoogelea. Lakini kwenye mto unaokimbia, kamba ya kifundo cha mguu inaweza kunasa chini ya maji, na mkono haufiki kuifungua. Huko inatakiwa kamba ya kiunoni inayoachia kwa kuvutwa mara moja. Oktoba 2021, huko Haverfordwest, Wales, watu wanne walikufa walipopitishwa juu ya kizuizi cha maji katika mto uliofurika, wakiwa kwenye safari yenye viongozi. Uchunguzi ulikuta kasoro katika maandalizi na vifaa, kamba zikiwemo. Walinzi wa pwani wa Marekani waliamua mwaka 2008 kwamba nje ya sehemu za kuogelea ubao huu ni chombo, na jaketi la kuokolea liwepo. Ni chombo. Hilo neno lichukue kwa uzito.

Na hapa pwani yetu inaingia, bila kujisifu. Siwezi kudai kwamba sisi ndio tulioanzisha. Mvuvi wetu anayesimama ndani ya mtumbwi maji yakipwa anatumia pondo, na pondo linasukuma mchanga. Kafi linasukuma maji. Ni fundi nyingine. Lakini maarifa yanayomweka hai ni yale yale anayohitaji kijana wa Kilifi au Mida aliyepewa ubao na hoteli. Ajue bamvua na maji mafu. Ajue mkondo wa mlango wa hori maji yanapotoka, na kwamba kusi ikiamka mchana, kurudi ni kazi. Kitabu cha maelekezo kilichokuja ndani ya boksi hakijui mambo hayo. Mzee wa bandari anayajua. Akuambie leo usitoke, usitoke.

Limebaki suala la jina. Wahawaii wanaita *hoe heʻe nalu*. *Hoe* ni kafi au kulipiga, *heʻe* ni kuteleza, *nalu* ni wimbi. Ajabu ni kwamba katika jina lao hakuna kusimama hata kidogo, wakati Kiingereza kimelijenga jina lote juu ya mkao. Sisi bado tunatumia herufi tatu za Kiingereza, au tunasema "ule ubao wa wazungu". Nasikia pia "ubao wa kasia", lakini kasia hufungwa ubavuni mwa chombo, na hiki cha mkononi tumekiita kafi siku zote. Mimi napendekeza "ubao wa kafi". Ni maneno mafupi, na yataeleweka Lamu hadi Mtwara. Mwenye jina bora alete, tulijadili.