Maoni ya Nani? Kuifuata Kodi Iliyofutwa Mwaka 1922

Historia ya kodi ya mapato nchini Kenya husimuliwa kwa sentensi moja: ililetwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, wananchi wakaikataa, ikafutwa mwaka 1922, ikarudi mwaka 1937. Nimeisoma sentensi hiyo kwa maumbo mengi, na kila mara neno moja hunikwama: wananchi. Kabla ya kodi hiyo, serikali ya koloni ilihesabu nyumba na vichwa. Hii ilikuwa ya kwanza kumuuliza mtu anapata kiasi gani. Mwenye pato kubwa alipoulizwa, ni nani hasa aliyesema hapana?

Nilianza na karatasi za serikali yenyewe: magazeti rasmi, ripoti za mwaka za koloni, kumbukumbu za mijadala ya baraza la kutunga sheria. Sheria ipo. Kufutwa kwake kupo. Katikati pana pengo. Hakuna orodha ya waliolipa wala barua za waliogoma. Sheria inazaliwa ukurasa huu na kuzikwa kurasa chache mbele, kama mgeni aliyeondoka kabla hajaandaliwa kiti. Nani alikuwa na haraka hiyo?

Simulizi la kwanza linasema maoni ya umma yalikuwa mazito mno, serikali ikasalimu amri. Nikatafuta umma huo katika hesabu ya watu ya mwaka 1921. Wazungu walikuwa 9,651. Waafrika walikadiriwa kuwa milioni mbili na nusu hivi, makadirio tu, kwa kuwa hakuna aliyewahesabu mmoja mmoja. Uchaguzi wa kwanza wa baraza ulikuwa umefanyika mwaka 1920, na viti 11 vya kuchaguliwa vilikuwa vya Wazungu. Kwa hiyo mtu anapoandika kwamba umma uliipinga kodi ya mapato, anazungumzia watu wasiofika elfu kumi, na miongoni mwao ndimo walimokuwa watu ambao kodi hiyo ingewagusa. Ukiwauliza watakaolipa peke yao, utapata jibu gani jingine?

Nisiharakishe. Lipo simulizi la pili, lenye sura ya kiutawala, nalo linastahili kupimwa. Linasema kodi hiyo ilikufa kwa sababu haikukusanyika. Wakulima wengi hawakuwa na hesabu za kuaminika, na ilisemwa kwamba wenye maduka wa Kihindi waliandika daftari zao kwa Kigujarati, lugha ambayo makarani wa kodi hawakuisoma. Mizani ingekuwaje ya haki, waliuliza walowezi, ikiwa mmoja analipa na jirani yake anaponyoka? Hoja hiyo ina uzito wake. Kodi inayomkamata mwaminifu na kumwachia mjanja haidumu popote. Lakini nikageuza jalada na kutazama upande wa pili. Serikali hiyohiyo, wakati huohuo, ilikuwa ikipanda vilima vya Kiambu, ikishuka hadi Ziwa Viktoria, ikihesabu kila nyumba ya nyasi na kila mwanamume mzima, na kukusanya. Mbona uwezo huo ulikwisha ulipofika kwenye lango la shamba la kahawa?

Simulizi la tatu ndilo lililonisumbua zaidi, kwa kuwa lina ukweli ndani yake. Walowezi wengi walikuwa taabani. Mpango wa kuwapa mashamba askari waliotoka Vita vya Kwanza vya Dunia ulikuwa umeanza mwaka 1919, na waliofika walikopa ili walime. Mwaka 1920 rupia ilipandishwa thamani kutoka peni 16 za Uingereza hadi peni 24. Aliyekuwa na deni la rupia aliamka na kukuta mzigo wake umeongezeka kwa nusu, bila kukopa hata senti zaidi. Kisha bei zikaanguka. Kitani, zao lililokuwa limewapa wengi ndoto za utajiri, lilishuka hadi halikulipia gharama za kulivuna. Mtu wa namna hiyo kudaiwa kodi mpya ni jambo zito, wala sioni haki ya kumkejeli. Lakini kodi ya mapato humdai aliyepata. Asiyepata faida hana pato la kutozwa. Basi ni nani aliyeokolewa ilipofutwa, aliyefilisika au aliyesalia na faida?

Hapo nikaacha daftari za wenye mashamba, nikafuata za wenye nyumba. Kodi ya nyumba ilianza mwaka 1901 kwa rupia 1. Miaka michache baadaye ikawa 3. Mwaka 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa kwa mwanamume asiye na nyumba yake, kijana ambaye hapo awali angeweza kukwepa kwa kulala kwa baba yake. Wakati wa vita ikafika 5. Mwaka 1920 ikawa 8, na sarafu ilipobadilishwa zikawa shilingi 16. Mwenye wake wawili alilipa nyumba mbili. Mjane alikuwa na nyumba, na nyumba ilikuwa na kodi. Kila hatua ya ngazi hiyo ilipandishwa bila mlipaji kuulizwa. Je, kuna aliyeandika popote kwamba umma uliikataa?

Mwaka 1921, bei zilipoanguka, waajiri wa Kizungu walikubaliana kupunguza mishahara ya vibarua kwa thuluthi moja. Kazi ya shamba ilihesabiwa kwa tikiti ya siku 30, na kwa mshahara uliokatwa, tikiti moja haikutosha kumaliza kodi ya nyumba moja. Kiunoni au shingoni mtu alibeba kipande, cheti kilichomfunga kwa mwajiri na kumfanya akamatike akitoroka. Nataka msomaji aweke karatasi hizi mbili mezani pamoja nami. Ya kwanza inasema hali ni ngumu, kwa hiyo kodi ya wenye mapato ifutwe. Ya pili, ya msimu uleule, inasema hali ni ngumu, kwa hiyo mshahara wa kibarua ukatwe, ingawa anadaiwa shilingi 16. Ni hali gani ngumu inayomwelemea mmoja na kumpunguzia mwingine?

Serikali haikuacha kuhitaji fedha kodi ya mapato ilipofutwa. Pengo lilijazwa forodhani, na hapa ndipo karatasi zinapozungumza kwa uwazi. Ushuru wa bidhaa kutoka nje ulipandishwa, na baadhi yake uliwekwa ili kulinda kilichozalishwa na mashamba makubwa ya Kenya: ngano na unga wake, sukari, siagi, mbao. Mwenye shamba la ngano alipata nafuu mara mbili, kwanza kwa kutotozwa pato lake, pili kwa kukingwa dhidi ya unga wa bei nafuu kutoka ng'ambo. Ushuru haumuulizi mnunuzi ana kiasi gani. Anayepima sukari ya senti chache dukani Mumias analipa kiwango kilekile na mwenye gari. Na haukuishia Kenya. Uganda ilikuwa tayari katika umoja wa forodha na Kenya tangu 1917, na Tanganyika ikavutwa katika viwango hivyo miaka ya 1920. Mkulima wa pamba Busoga na mchukuzi wa Tanga wakawa wanalinda shamba la Bonde la Ufa ambalo hawakuwahi kuliona. Nani aliwauliza wao?

Swali hilo likanitoa kwenye makabati na kunipeleka mtaani. Katikati ya Nairobi kuna barabara fupi kati ya chuo kikuu na kituo cha polisi, nayo leo ina jina la karani kijana wa simu aliyefanya kazi katika hazina ya serikali. Julai 1921 yeye na wenzake waliitisha mkutano, wakatuma simu London kulalamikia kodi, kipande, mishahara na ardhi. Alifukuzwa kazi. Tarehe 14 Machi 1922 akakamatwa, na siku mbili baadaye umati uliokusanyika nje ya kituo ukapigwa risasi. Hesabu rasmi ilisema watu 21 walikufa, wanne kati yao wanawake. Waliokuwa karibu na chumba cha maiti walitaja 56. Wengine wakataja zaidi ya mia. Serikali iliyojua nyumba ngapi zilidaiwa kodi Kiambu, ilishindwaje kujua ni watu wangapi walilala chini barabarani?

Nilisimama hapo kwa matumaini makubwa kuliko ushahidi niliokuwa nao. Mwaka mmoja: kodi ya matajiri inafutwa, maskini wanapigwa risasi wakidai nafuu ya kodi yao. Ingekuwa rahisi kuandika kwamba umati ule ulitaka matajiri watozwe. Nikalitafuta dai hilo. Katika malalamiko yaliyopelekwa London mwaka 1921, halimo. Wimbo wa wanawake uliozaliwa baada ya siku ile unakumbuka ujasiri wao, na haukumbuki sheria ya kodi ya mapato. Ombi lililopelekwa London na mjumbe mwingine kijana mwaka 1929 lilidai wanawake waondolewe kodi ya nyumba, ardhi ipewe hati, shule ziongezwe, na Waafrika wawe na wawakilishi katika baraza. Kutozwa kwa tajiri hakumo. Je, ni kwa sababu hawakulijali, au kwa sababu halikuwa swali ambalo mtu asiye na kiti angeweza hata kulifikisha mezani?

Mimi naelekea jibu la pili, na nitasema kwa nini. Madai ya 1929 yanaweka kodi na uwakilishi katika karatasi moja. Walowezi walikuwa wakitumia hoja ileile, kwamba asiyekuwa na kauli serikalini hawezi kutozwa. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na viti 11. Waafrika walilipa tangu 1901 bila hata kimoja. Wakadai kwanza kile kilichokuwa kikiwachoma, kodi ya mama mjane, kisha wakadai mlango wa kuingilia. Hiyo ni akili ya watu waliojua utaratibu wa mambo, wala sitaki kuwalisha maneno wasiyosema. Lakini mlango ulipofungwa, nani alibaki kuwasemea ndani?

Aliyesema kwa sauti ya kusikika alikuwa mgeni. Mwaka 1932 mtaalamu aliyetumwa na London kuchunguza fedha za Kenya alipima kila jamii inalipa nini na kupata nini. Aliona kwamba sehemu kubwa ya kodi za moja kwa moja ilitoka kwa Waafrika, na kwamba huduma walizorudishiwa zilikuwa chache. Akashauri kodi ya mapato irudishwe. Walowezi wakaitisha mikutano, wakapinga tena, na serikali ikauweka pembeni muswada, ikatafuta kodi ndogondogo badala yake. Mchunguzi wa pili alikuja mwaka 1936 na ushauri uleule. Sheria ikapita mwaka 1937, kwa viwango vyepesi. Tanganyika, Uganda na Zanzibar zikafuata mwaka 1940, vita vilipoifanya kila hazina itafute fedha. Waafrika waliendelea na kodi ya nyumba na ya kichwa. Mwafrika wa kwanza hakuingia katika baraza lile hadi 1944. Maana yake ni kwamba kodi ya wenye mapato ilifutwa, ikakataliwa, kisha ikarudishwa, yote bila sauti hata moja ya wengi chumbani. Tuite nini maoni ya umma katika miaka hiyo yote?

Ninaposoma leo kwamba wananchi wanataka au hawataki matajiri waongezewe kodi, naitafuta kwanza orodha ya waliohojiwa. Katiba ya Kenya ya 2010 inasema mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki, na umma ushirikishwe katika mambo ya fedha. Hilo ni jambo kubwa, na lililipiwa kwa gharama. Sheria ya fedha ya 2023 iliongeza viwango viwili vya juu: asilimia 32.5 kwa pato la mwezi linalozidi shilingi 500,000, na asilimia 35 kwa linalozidi 800,000. Sheria hiyohiyo ilipandisha kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Moja inamgusa mwenye mshahara mnono, nyingine inamgusa kila anayepanda matatu au kununua kilichosafirishwa kwa lori. Mitaani niliwasikia watu wakizungumza juu ya ile ya pili, mchana kutwa. Mwaka uliofuata vijana walijaa barabarani, nao muswada wa fedha wa 2024 ukaondolewa. Atakayeandika miaka mia ijayo kwamba umma ulikataa kodi, ataeleza ni kodi ipi?

Bado nina jalada moja sijalimaliza: ushahidi uliotolewa mbele ya wachunguzi wa 1932 na 1936. Nataka majina ya vijiji, nataka kujua kama mzee mmoja wa Nyeri au mama mmoja wa Kisumu aliitwa akaulizwa waziwazi kama mwenye shamba kubwa naye atozwe kwa kadiri ya anachopata. Walowezi waliulizwa, tena mara kwa mara, na majibu yao yamehifadhiwa vizuri. Kama yupo hata mmoja aliyeulizwa upande wa pili, jibu lake lilipelekwa wapi?