UZI: Barabara ikitengenezwa, maji yake yaende wapi?

1/ Kila kampeni huku kwetu Kivaa ahadi ni ileile: "Tutawaletea barabara." Sawa. Lakini hakuna anayeuliza maji ya hiyo barabara yataishia wapi. Wacha nieleze historia, bila kutaja mwanasiasa wala chama.

2/ 1938. Serikali ya kikoloni ilisema udongo wa Machakos unaisha kwa sababu Wakamba wana ng'ombe wengi mno, ikawalazimisha kuwauza. Maelfu waliandamana hadi Nairobi, wakakaa wiki kadhaa. Kiongozi wao akahamishiwa Lamu, lakini amri yenyewe ikaondolewa. Kumbukeni aliyelaumiwa: mfugaji.

3/ Mwaka huohuo, mbali kabisa, jimbo la New Hampshire, Marekani, lilikuwa linajaribu chumvi ya kuyeyusha barafu barabarani. Ilisaidia magari yasiteleze. Ila chumvi haipotei, huteremka hadi mitoni na visimani. Siku hizi wengi huko wanaipima, na wanapulizia maji ya chumvi kabla theluji haijashika, ili itumike kidogo. Barabara hawakuzifunga. Walikubali tu kwamba kazi ya barabara haiishii ukingoni mwa lami.

4/ Sisi theluji hatuna. Kinachotoka kwa barabara zetu ni maji ya mvua. Greda inapita, inachimba mtaro mrefu, mtaro unamwagwa popote penye mteremko. Mvua ya Novemba ikija, maji yanatoka kwa kalavati kama yametumwa. Korongo lililo kwa shamba la susu, nyanya yangu, lilianza hivyo. Matuta ya fanya juu aliyochimba na wenzake wa mwethya yalikatwa katikati. Aliambiwa eti analima vibaya.

5/ Udongo wa mashamba kama hayo huishia Bwawa la Masinga, lililokamilika 1981. Matope yaliyoingia humo yamezidi makadirio ya waliolijenga. Yaani hasara si ya susu peke yake, ni ya umeme na maji ya nchi.

6/ Dawa inajulikana. Badala ya mtaro mmoja mrefu, michepuo mingi mifupi, kila mmoja upeleke maji kidogo kwenye matuta au silanga. Makueni na Kitui kuna wakulima wanaovuna maji ya barabara hivyo.

7/ Sasa siasa. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa kaunti barabara za kaunti, na pia utekelezaji wa sera za kuhifadhi udongo na maji. Orodha ni moja. Kwa hivyo "hiyo si kazi yetu" si jibu. Na pesa? Kila lita ya mafuta tunalipa tozo ya matengenezo ya barabara.

8/ Akija kuomba kura na ahadi ya barabara, pigeni makofi mkitaka. Halafu mmuulize: mchoro wa mitaro uko wapi, na unaishia kwa shamba la nani?