Gololi, sumaku na ile taa isiyozima

Leo tuache programu kidogo, tuingie gereji.

Hapa Machakos, kama kwingine Kenya, magari mengi ni mitumba ya Japani, na kuna yanayotembea miaka huku taa ya mfuko wa hewa ikiwaka kwenye dashibodi. Kisa kimoja ni sensa ya mbele: kidude kidogo nyuma ya bampa, karibu na rejeta, mahali ambapo matope huingia na plagi hushika kutu.

Kina historia ndefu. Mwaka 1953 Mmarekani John Hetrick alipata hataza ya mfuko wa kuzuia abiria asijigonge. Sensa yake ilikuwa uzito ulioshikwa na springi. Gari likisimama ghafla, uzito ungesonga na kufungulia hewa iliyoshindiliwa. Wazo zuri, lakini polepole mno. Katika miaka ya 1960 Allen Breed akaja na jambo ninalolipenda sana: gololi ya chuma ndani ya bomba, imeshikwa na sumaku. Kishindo kikizidi nguvu ya sumaku, gololi inachomoka na kugusanisha nyaya. Basi! Hakuna chipu, hakuna msimbo. Mercedes-Benz iliuza mifuko hii kuanzia 1981, Honda ikaileta Japani 1987 kwenye Legend. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Analog Devices ikatoa ADXL50, chipu inayopima mshtuko kwa vipande vya silikoni vinavyocheza, na hapo programu ikashika usukani. Ina milisekunde chache tu kuamua kama ule ni ukuta au ni bampu la barabarani, kwa hiyo husikiliza mashahidi wawili: sensa ya mbele na ile iliyo ndani ya kompyuta ya mfumo.

Sasa kuna mafundi wanaokwambia, "Hii tunaizima tu." Kwenye sensa za kale za swichi, kompyuta hupima ukinzani wa waya, hivyo kipingamizi cha bei ya peremende huidanganya. Sensa mpya hutuma ujumbe wa kidijitali na hazidanganyiki hivyo, basi fundi anang'oa balbu. Sisi waandika programu tunaijua tabia hii: kufuta ujumbe wa kosa na kuliacha kosa!

Kuibadilisha si kazi kubwa. Zima gari, toa waya hasi wa betri, ngoja dakika kadhaa maana kompyuta huhifadhi umeme wa kulipulia mfuko hata betri ikisagika. Tafuta sensa yenye namba ileile, mshale utazame mbele, bolti ikazwe kwenye chuma safi. Kisha kosa lifutwe kwa mashine.

Ukienda kununua gari, washa swichi bila kupiga injini. Taa iwake sekunde chache, halafu izime. Isipowaka kabisa, muulize muuzaji balbu iko wapi.