Karatasi ya Kashi, Vilima vya Karagwe

Juu kidogo ya Murongo, Tanzania, Mto Kagera unaacha kwenda kaskazini na kushika njia ya mashariki kulielekea Ziwa Viktoria. Ng'ambo ni Kikagati, Uganda. Kwa Wahindu, mto unaogeuka si jambo dogo. Ganga, unaoshuka kutoka Himalaya kwenda bahari ya mashariki, ukifika mji wa Kashi, yaani Varanasi, hupinda na kuelekea kaskazini, kana kwamba unaikumbuka milima ulikozaliwa. Mpindo huo ni sehemu ya utakatifu wa Kashi, mji wa Shiva.

Kashi na Karagwe, ufalme wa zamani wa upande huu wa Kagera, ziliwahi kukutanishwa na kipande cha karatasi. Mwaka 1860, John Hanning Speke akiwa Zanzibar anajiandaa kwenda kutafuta chanzo cha Nile, konsuli wa Uingereza, Rigby, alimpa makala iliyoambatana na ramani. Mwandishi wake, Francis Wilford, alikuwa afisa wa jeshi aliyeishi miaka mingi Kashi, na alidai kwamba mito na milima ya Afrika aliyoichora ameitoa katika Purana, maandiko ya kale ya Kihindu. Lakini mwaka 1805 Wilford mwenyewe alikuwa amekwisha kukiri kwamba mwanazuoni aliyemwajiri alimghushia maandiko. Speke aliiamini ramani hata hivyo, akaichapisha katika kitabu chake cha 1863.

Hivyo ndivyo alivyoingia Karagwe Novemba 1861: akilini ana jiografia takatifu ya nchi ya mbali, na mbele ya macho yake ipo nyingine, iliyo hai, ambayo wenyeji wake walimweleza kwa midomo yao.

Anayekwenda Kashi kuhiji haishii kuoga kwenye ngazi za mto na kuingia hekaluni. Nje ya mji ipo njia ya Panchakroshi, mzunguko wa takribani kilomita 80 ambao watu huutembea kwa siku tano, wengi wakiwa peku, wakipita kituo baada ya kituo. Mji ni moyo tu. Utakatifu umeenea mashambani, kwenye madimbwi, chini ya miti. Bila mzunguko huo, Kashi haijajulikana.

Bweranyange, makao ya Rumanyika, Omukama (mfalme) wa Karagwe aliyempokea Speke, ilikuwa moyo wa namna hiyo. Wahinda, ukoo wa kifalme, humtaja Ruhinda kuwa mwanzilishi wao, na mapokeo humuunganisha Ruhinda na Wachwezi, wale ambao roho zao ziliabudiwa pande zote za maziwa makuu. Hapo ikulu palikuwa na hazina ya vitu vya chuma: nyundo za wahunzi na sanamu za ng'ombe wenye pembe ndefu. Mwezi mpya ulipoandama, Speke aliona ngoma zaidi ya thelathini zimepangwa chini, kila moja na mpigaji wake. Rumanyika alimweleza pia juu ya ngoma ndogo, nyepesi kama unyoya, ambayo dawa zake ziliifanya iwe nzito kiasi kwamba hakuna wa kuinyanyua ila mrithi wa kweli.

Kutoka ikulu, utakatifu ulishuka hadi ziwa la jirani. Alipokufa Ndagara, baba yake Rumanyika, mwili wake ulishonewa katika ngozi ya ng'ombe, ukawekwa ndani ya mtumbwi na kuachwa ukielea siku tatu. Mabuu matatu yaliyotokea yalipelekwa ikulu: moja likawa simba, la pili chui, la tatu fimbo. Kisha mwili ukapandishwa kilimani, ukajengewa kibanda juu yake. Ndivyo Speke alivyosimuliwa, naye akayaandika yote kama ushirikina wa kushangaza. Mimi nayasoma kama ramani. Ikulu, ziwa na kilima vinashikana, na mfalme anavipitia kwa zamu hata baada ya kufa. Ramani hii haikughushiwa na mtu, na inaniuma kwamba mgeni aliyekaa hapo hadi Januari 1862 aliithamini kidogo kuliko ile ya Wilford.

Upande wa kaskazini, katika Kyerwa ya leo, ziko chemchemi za Mtagata. Jina linajieleza, kwani kutagata katika lugha za huku ni kupata joto. Henry Stanley alifika mwaka 1876 akakuta wagonjwa wamejaa, wametoka karibu na mbali, wakijilaza katika maji ambayo penye joto kali yanapita nyuzi 50 za Selsiasi. Ukivuka mto na kuingia Ankole unakutana na dada yake, Kitagata, yenye dimbwi la mfalme liitwalo Ekyomugabe na jingine la wagonjwa liitwalo Mulago. Mpaka wa wakoloni ulipita katikati ya watu waliokuwa na tiba moja.

Sidai kwamba Wanyambo, wenyeji wa Karagwe, walijifunza haya kwa Wahindi. Wafanyabiashara wenye asili ya India walifika kweli. Musa Mzuri, Mwislamu wa Surat aliyefanya makao Kazeh, ndiyo Tabora, alimsaidia Rumanyika katika vita na nduguye Rogero. Lakini walifuata pembe za ndovu. Maji ya moto, kilima na ngoma vya Karagwe vina mizizi yake hapahapa.

Tangu mwaka 2012 Kyerwa ni wilaya peke yake. Ikulu imebaki Karagwe na Mtagata imekwenda upande wa pili. Ningependa mgeni avitembelee vyote katika safari moja, aanzie Bweranyange, ashuke ziwani, apande kilima, aende Mtagata, amalizie Murongo ukingoni mwa Kagera. Maji atakayoyaona hapo yanaingia Ziwa Viktoria, na maji ya ziwa hutokea Jinja, mahali ambapo mwaka 1948 Wahindu walimwaga sehemu ya majivu ya Mahatma Gandhi ili Nile iyachukue.